Nimepewa dakika kumi kumzungumzia mwalimu wangu: nianze na kifaa chake au na tanga lake?

FundiVifaa

Wadau, salamu. Mwalimu wangu amefariki na familia yake imeniomba nizungumze dakika kumi siku ya kumkumbuka. Mimi ni fundi wa vifaa tiba, na ufundi huu nilijifunza mikononi mwake. Wanawe wamenipa karatasi ya wasifu: shule, vyeo, hataza (hati za haki ya uvumbuzi), halafu hataza nyingine. Nimeisoma kwa sauti mara kadhaa na simwoni mtu ndani yake.

Alichobuni ni kitu kidogo kwa macho. Ni kibanio cha plastiki kinachokaa kwenye mrija wa dripu, pale mrija unapopita ndani ya pampu. Mrija ukiwa ndani, kibanio kiko wazi na pampu ndiyo inayoamua dawa ipite kiasi gani. Ukifungua mlango wa pampu na kuutoa mrija, kibanio kinajifunga chenyewe kabla mrija haujatoka. Basi, kazi yake ni hiyo tu. Vibanio vya namna hii wamebuni watu mbalimbali kwa maumbo tofauti. Chake kilikuwa na springi moja, na springi hiyo aliipigania miaka mingi mbele ya watengenezaji walioona kigurudumu cha kubania mrija kwa mkono kinatosha.

Upande wa pili ni bahari. Alikuwa na mashua ndogo ya tanga moja, na kila alipopata nafasi alikuwa majini. Alipenda kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kukata kona, kuliko kusukumwa na upepo wa nyuma. Alisema upepo wa nyuma haumfundishi mtu kitu. Karakanani sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Kwenye mashua alifoka kwa jambo moja tu: mtu akiifunga kamba ya demani, ile inayolishikilia tanga. Kamba hiyo ilishikwa mkononi, hata vidole vikiingia ganzi. Ukiifunga, atakuja kuifungua mwenyewe na siku hiyo hushiki tena.

Nigawe muda nusu kwa nusu? Naona zitakuwa hotuba mbili zisizojuana.

ZamuYaUsiku

Pole sana ndugu yangu. Mimi ni muuguzi, na ningekuomba uanze na kile ambacho kibanio kinazuia, kwa sababu mtu asiyefanya kazi wodini hana namna ya kukijua.

Mfuko unaning'inia juu ya kitanda. Pampu inapitisha mililita chache kwa saa. Mgonjwa anabadilishwa shati au anapelekwa kupigwa picha, mrija unatolewa kwenye pampu, na kigurudumu kimesahaulika kikiwa wazi. Kuanzia hapo hakuna kinachozuia. Uzito wa maji yenyewe unayashusha, na dawa iliyopangiwa saa nyingi inaweza kuingia ndani ya dakika. Kama ni maji ya chumvi, mtu mzima mwenye moyo na figo nzuri huenda akavumilia. Potasiamu inaweza kusimamisha moyo. Mofini inazima pumzi. Insulini inashusha sukari mpaka mgonjwa anapoteza fahamu.

Nimewahi kufika kitandani nikakuta mfuko mtupu ambao ulitakiwa kudumu mpaka asubuhi. Tulimwahi, akapona. Aliyeutoa mrija alikuwa muuguzi mzuri, mwenye wagonjwa wengi kuliko mikono yake. Mwalimu wako alimfikiria muuguzi huyo pia, siyo mgonjwa peke yake, na hilo tafadhali liseme. Walionusurika kwa kibanio chake hawajijui, kwa hiyo hawatasimama siku hiyo kutoa ushuhuda.

Joshini

Pole, fundi. Kuhusu demani naweza kukusaidia, maana nami naendesha chombo kidogo.

Kamba hiyo ndiyo inayoshikilia tanga lisikimbiwe na upepo. Ukiivuta, tanga linajaa na chombo kinashika mwendo. Chombo kidogo hakina uzito wa kushindana na upepo wa ghafla. Unapopiga, kinalala upande mara moja. Dawa yake ni kuiachia demani. Tanga linalegea, linapigapiga, nguvu ya kukilaza inaisha na chombo kinainuka. Hata nahodha akiteleza, au akitupwa majini, kamba isiyofungwa inamponyoka na tanga linalegea lenyewe. Iliyofungwa inaendelea kuvuta, na chombo kinapinduka kabla hujafikia fundo. Hasa wakati wa kubisha, tanga likiwa limekazwa.

Kwa hiyo mzee hakuwa na ukali wa bure. Alitaka mkono ukishindwa, chombo kielekee kwenye usalama bila kumsubiri mtu.

Ombi moja: usiseme "ametia nanga" wala "amefika bandari ya milele". Kila aliyewahi kugusa usukani husemewa hivyo akifa. Sema alivyoshika kamba.

MsomaWasifu

Naongeza mfano wa mtu mwingine wa maji na vifaa tiba, Wilson Greatbatch wa Marekani (1919–2011). Redio aliipenda akiwa kijana kwenye Skauti wa Majini, kisha akawa mtu wa redio katika jeshi la majini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Katika miaka ya 1950, akiwa mji wa Buffalo, alikuwa akiunda saketi ya kurekodi sauti za moyo, akaweka rezista (kipande kinachozuia umeme) isiyo sahihi. Saketi ikaanza kutoa mapigo: mshtuko mfupi, kimya cha sekunde moja, mshtuko tena. Alitambua kwamba ameshika mdundo wa moyo. Pamoja na daktari mpasuaji William Chardack na mwenzake Andrew Gage, saketi hiyo waliigeuza pesimeka, kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, ya kupandikizwa mwilini, nayo ikafika kwa wagonjwa mwaka 1960. Uswidi walikuwa wametangulia kupandikiza ya kwao mwaka 1958.

Karibu kila anayemsimulia huishia kwenye ile rezista. Mimi naona hapo ndipo anapopunjwa. Betri za zebaki na zinki za wakati huo zilidumu takriban miaka miwili, kisha mgonjwa anarudi kupasuliwa. Greatbatch alihamia kwenye betri, akaiendeleza ya lithiamu na iodini iliyoanza kutumika kwenye pesimeka mwaka 1972, nayo ikadumu miaka mingi zaidi. Ajali ilikuwa ya dakika moja. Betri ilihitaji mtu asiyechoka. Na alipofikisha miaka 72 alisafiri maili 160 kwenye maziwa ya Finger Lakes kwa mtumbwi wa umeme wa jua alioubuni mwenyewe.

Kwa hiyo ile miaka ya kupigania springi usiipite kwa sentensi moja. Ipe muda wake.

FundiVifaa

Nawashukuru nyote. Joshini, nilipofika kwenye "mkono ukishindwa" niliweka simu chini. Miaka yote nimekuwa nikifungua vile vibanio na kuvifunga, na nimekaa kwenye ile mashua, na sikuviweka pamoja. Watengenezaji walimwambia wafundishwe wauguzi wakumbuke kufunga kigurudumu. Alikataa. Jibu lake nalikumbuka neno kwa neno: "Sitaki kifaa kinachomtaka mtu asichoke."

Basi nitaanza na demani, nieleze tanga linavyolegea mkono ukiachia. Kisha kibanio, bila kusema "vivyo hivyo". Watu wenyewe wataona. Halafu wodi, kama alivyoeleza ZamuYaUsiku, na ubishi wa springi. Hataza nitazitaja kwa sentensi moja, kwa heshima ya wanawe walioziandika.

Nafikiria kubeba pampu, mrija wenye kibanio na mrija mwingine usio nacho. Itaonekana vibaya msibani?

ZamuYaUsiku

Haitaonekana vibaya hata kidogo, beba. Tia wino kwenye maji, ning'iniza mifuko juu ya kichwa chako, na chini weka chombo cha kioo ili walio nyuma waone. Utoe kwanza mrija usio na kibanio, unyamaze, maji yashuke mpaka watu waanze kusogea kwenye viti. Ndipo utoe wa kwake.