Stam kuuzwa Lazio: Ferguson alikosea, au tunamwonea?

Kibanda Umiza (mleta mada)

Wadau, salaam. Jana kijiweni tulianza na Van Dijk, tukaishia pabaya. Mzee mmoja muuza kahawa alisema kwa Waholanzi beki ni Jaap Stam, wengine wapange foleni. Hapo ubishi ukahamia kwingine: Ferguson, kocha wa Manchester United wakati ule, alipomuuza Lazio ya Italia mwaka 2001, alikosea au hakukosea? Kahawa iliisha, jibu halikupatikana. Naileta kwenu.

Kwa vijana ambao hamkumwona: Stam ni mtoto wa Kampen. Hakupikwa Ajax. Alianzia FC Zwolle, akapita Cambuur na Willem II, ndipo PSV wakamchukua. Mwaka 1998 Manchester United walitoa zaidi ya pauni milioni 10, na wakati ule hakuna beki duniani aliyekuwa amenunuliwa kwa bei hiyo. Msimu wake wa kwanza akabeba ligi, Kombe la FA na Kombe la Ulaya. Alikaa misimu mitatu kamili, na ligi akabeba mara tatu. Mshambuliaji akimwona yule jamaa na upara wake anakuja, alikuwa anakumbuka kwamba ana kazi upande wa pili wa uwanja.

Agosti 2001 alicheza mechi ya kwanza ya ligi, Fulham wakalala 3-2 Old Trafford. Hakuichezea United tena. Kitabu cha maisha yake kilikuwa kinatoka vipande vipande gazetini, na humo amesema Ferguson aliongea naye kabla PSV hawajatoa ruhusa. Siku chache baadaye kocha akamkuta kituo cha mafuta, wakaongea garini, kesi imekwisha: nenda Lazio. Bei kama pauni milioni 16. Pengo lake akapewa Laurent Blanc, miaka 35.

Msimamo wangu: kosa kubwa, tena la hasira. Msimu wa 2000-01 United walifungwa mabao 31 kwenye ligi. Uliofuata, bila Stam, mabao 45, wakamaliza wa tatu nyuma ya Arsenal na Liverpool. Timu tano za kwanza kuwafunga kwenye ligi msimu ule ni Bolton, Liverpool, Arsenal, Newcastle na Chelsea. Chukueni herufi ya kwanza ya kila jina msome mnapata nini.

Hesabu Kwanza

Mkuu, hizo namba umezitazama kwa jicho moja.

Msimu wa 2000-01 Stam alicheza mechi 15 tu za ligi kati ya 38. Alikuwa nje kwa upasuaji wa kano ya kisigino. Aliyebeba mzigo ni Wes Brown, mechi 28. Kwa hiyo yale 31 unayomsifia Stam, mengi ya mechi zake yeye alizitazama akiwa amekaa.

Sasa rudi nyuma msimu mmoja, 1999-2000, alipocheza mechi 33. Walifungwa mangapi? 45. Hayo hayo ya msimu wa Blanc! Hakuna aliyelalamika kwa sababu mbele walifunga 97 wakachukua ubingwa kwa pointi 91. Ukiwa bingwa, mabao ya kufungwa hayahesabiwi.

Kibanda Umiza

Hiyo ya mechi 15 nakiri ilinitoka. Lakini 1999-2000 usiwaache makipa nje. Schmeichel alikuwa ameshaondoka, langoni wakawa wanapokezana Bosnich, Van der Gouw na Taibi. Yule Taibi mnamkumbuka? Chelsea 5, United 0.

Gunner wa Kisauni

Basi ikiwa mwataka kumlaumu kipa, laumuni kipa hadi mwisho. Novemba 2001 nlikuwa naitazama ile ya Highbury, uwanjani kwetu Arsenal. Mambo ni 1-1, kipa wenu Barthez akampa Henry wetu zawadi, kisha akampa nyengine. 3-1. Blanc kafanya nini pale? Hata mungempanga Stam wawili, mtu akishaamua kumpa Henry mpira mguuni utamzuia vipi, yakhe?

Na ubingwa twauchukulia pale pale kwenu Old Trafford, bao la Wiltord. Mimi kwa upande wangu Ferguson hakukosea kabisa. Mungu ampe umri.

Namba Nne Mgongoni

Nimecheza sentahafu, beki wa kati, ligi ya wilaya miaka sita, kwa hiyo niruhusuni nipunguze hesabu kidogo.

Stam alikuwa na vitu viwili ambavyo kwa kawaida havikai kwenye mwili mmoja: uzito na mbio. Ukiwa na beki wa aina hiyo, timu nzima inapanda juu. Beki wa pembeni anaondoka bila kugeuka nyuma, kwa sababu anajua mpira ukipigwa nyuma yake kuna mtu wa kuufuata. Blanc hakuwa beki mbovu, wacheni kumtukana. Ni bingwa wa dunia 1998 na wa Ulaya 2000. Anausoma mchezo kabla haujaandikwa. Lakini mtu kama yule anataka timu ikae karibu naye, nafasi ya nyuma iwe ndogo. United ile haikuwa imejengwa hivyo, na kwa miaka 35 haungemwambia ashindane mbio na mshambuliaji kama Craig Bellamy wa Newcastle.

Juu ya hapo msimu huo kila kitu kilihama. Veron alikuja kwa pauni milioni 28, tena kutoka Lazio hao hao, na kiungo kikapangwa upya. Steve McClaren, aliyekuwa anaendesha mazoezi, alikwenda Middlesbrough. Kocha mwenyewe alishatangaza kwamba mwisho wa msimu anastaafu, hadi Februari ndipo akageuza. Nyumba inabadilishwa paa, milango na sakafu kwa pamoja, halafu mnauliza nguzo moja.

Mnaisahau pia ile ya Tottenham: wako nyuma 3-0 mapumziko, wakashinda 5-3, na Blanc alifunga kwa kichwa.

Babu wa Benchi

Vijana, mmeongea mpira. Mimi naongea utawala. Siri ya jikoni haitolewi sebuleni. Mchezaji anaandika kitabu akiwa bado anavaa jezi, anamtaja kocha wake kwa jambo ambalo kanuni zinalikataza, halafu Jumatatu waende pamoja mazoezini? Ince aliuzwa. Beckham akaja kuuzwa. Keane naye akaonyeshwa mlango. Nyie mnataka Stam awe nani?

Hesabu Kwanza

Shikamoo Babu. Ila Ferguson mwenyewe alikataa kwamba sababu ni kitabu. Hoja yake ilikuwa kwamba baada ya lile jeraha Stam hakuwa na kasi ile ile, na beki wa miaka 29 akipewa bei ile ni biashara. Na miaka baadaye akakiri kuwa alikosea kumwachia. Tumwamini Ferguson yupi?

Babu wa Benchi

Marahaba. Mwamini wa pili, hakuwa na cha kupoteza tena.

Kibanda Umiza

Nimelala nalo, nimerudi. Hoja ya mabao naiondoa, Hesabu amenibana kihalali. Ila hukumu siiondoi, naihamisha tu.

Kosa halikuwa kumuuza. Kosa ni kuuza beki ligi imeshaanza, wakati huna wa kumrithi, ukaenda kumchukua mtu anayekaribia kustaafu. Mabeki wengine, Wes Brown na Johnsen, wote walikuwa wateja wa kudumu wa daktari, hilo lilijulikana. Na msiniambie muda ulikuwa umekwisha: Uingereza mwaka ule haikuwa bado na dirisha la usajili kama la sasa, klabu ilinunua mchezaji hadi Machi. Ferguson aliona nyuma kunavuja Septemba, Oktoba, Novemba. Januari akafungua pochi, akamleta nani? Diego Forlán. Mshambuliaji! Ambaye msimu ule hakufunga hata bao moja la ligi. Beki wa kweli alikuja kiangazi cha 2002, Rio Ferdinand, kwa kama pauni milioni 30, na 2003 ubingwa ukarudi, Blanc naye akapata medali yake. Zile milioni 16 za Stam zilizaa deni.

Namba Nne Mgongoni

Hapo tumekutana.

Gunner wa Kisauni

Na ile ya dawa mbona mwaikwepa? Oktoba hiyo hiyo, baada ya mechi na Atalanta, Stam alipimwa akakutwa na nandrolone, dawa ya kuongeza nguvu iliyokatazwa michezoni. Kafungiwa miezi mitano, ikapunguzwa ikawa minne.

Hesabu Kwanza

Kesi za nandrolone mwaka ule zilikuwa nyingi. Davids na Frank de Boer pia, Waholanzi wenzake. Na lilitokea baada ya kuuzwa, Ferguson hawezi kuligeuza sababu.

Kibanda Umiza

Kabisa. Na baada ya adhabu hakuwa mtu aliyekwisha. Alibeba Coppa Italia, kombe la Italia, na Lazio 2004, akachukuliwa na Milan. Milan hao hao 2005 waliitoa United Ulaya, 1-0 huku na 1-0 kule, bila kuruhusu bao. Wakafika fainali Istanbul na ukuta wa Cafu, Stam, Nesta na Maldini. Mapumziko 3-0! Timu inayompanga beki katikati ya watu hao haimwoni kama gari bovu.

Gunner wa Kisauni

Na kipindi cha pili?

Kibanda Umiza

Ndugu yangu, tulikuwa tunaongelea Ferguson.

Gunner wa Kisauni

Liverpool walizirudisha zote tatu ndani ya dakika sita, ukuta ukiwa umesimama pale pale. Mwambie na huyo mzee wa kahawa.

Kibanda Umiza

Simwambii. Nina deni lake la vikombe vinne.