Paneli ya kukunja ya wati 200 inanipa wati 94 tu kwenye karavani: nimeuziwa uongo au napima vibaya?

Mvutaji

Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri, hasa ninyi mnaoishi na sola kila siku.

Nina karavani ndogo tunayotumia safarini mimi na familia. Ina betri moja ya lithiamu ya volti 12, ampea-saa 100. Betri hiyo ndiyo inayobeba taa, friji dogo, pampu ya maji na kuchaji simu. Mwezi uliopita nikanunua paneli ya sola ya kukunja, ile ya vipande vinne unayoifungua kama mkeka. Tangazo lilisema wati 200. Kibandiko cha nyuma kinasema Vmp 20 na Imp 10 (volti na ampea paneli ikitoa nguvu zake zote), Voc 24 (volti bila mzigo), Isc 10.6 (ampea ikipigwa shoti). Kontrola, yaani kifaa kinachodhibiti chaji ya betri, imefungwa nyuma ya paneli yenyewe, halafu waya wa mita 10 unakwenda mpaka kwenye betri.

Jana saa sita mchana, anga safi bila wingu, nikaitandaza chini mbele ya mlango. Kontrola ikasoma ampea 6.8 na volti 13.9. Ukizidisha ni kama wati 94. Nikafuta vumbi kwa kitambaa, nikasubiri nusu saa, haikupanda. Betri ilikuwa imebaki na kama asilimia 30, kwa hiyo haikuwa imejaa.

Imeniuma, kwa sababu hesabu zote za friji nilizipiga kwa wati 200. Muda wa kurudisha bidhaa unaisha wiki ijayo. Nataka nikimkabili muuzaji niwe na vipimo mkononi, siyo malalamiko. Napimaje?

Fundi Mwanga

Pole sana mkuu, na hongera kwa kuandika namba zote. Wengi huja hapa wakisema tu "sola yangu mbovu".

Kabla hujamwita mtu mwizi, elewa kwanza hizo wati 200 zinapatikana wapi. Zinapimwa maabara: mwanga wa wati 1000 kwa kila mita ya mraba, ukiipiga paneli uso kwa uso, huku seli zenyewe zikiwa na nyuzi joto 25. Juani hali hiyo huipati. Paneli nyeusi iliyolala chini mchana inafika nyuzi 60 kirahisi, na seli za silikoni hupoteza karibu asilimia 0.35 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi 25. Nyuzi 35 za ziada ni asilimia 12 imekwenda, na hapo hakuna aliyedanganya.

La pili ni kubwa zaidi kwako. Hizo kontrola zinazoshonewa nyuma ya paneli mara nyingi ni PWM. PWM haibadilishi volti kuwa ampea, inaiunganisha paneli na betri moja kwa moja na kuivuta ishuke hadi volti za betri. Paneli yako inataka kufanya kazi kwenye volti 20 ikiwa baridi, au 17 hivi ikiwa na joto, lakini inalazimishwa kukaa kwenye 13 au 14. Hata paneli ya kweli kabisa yenye Imp 10, ukiifunga kwenye PWM na betri ya volti 13, hupati zaidi ya wati 130 hivi. Zilizobaki hazifiki popote.

Kwa hiyo usiihukumu paneli kwa namba ya kontrola. Ipime paneli peke yake.

Hesabu Kwanza

Mimi naona umepigwa, na huhitaji hata jua kulijua hilo. Chukua futi, pima eneo la seli tu. Usihesabu kitambaa, kingo wala mifuko. Kisha gawa wati zilizoandikwa kwa eneo hilo.

Mita moja ya mraba inapokea wati 1000 kwenye kipimo cha maabara. Paneli nzuri za kukunja zinageuza asilimia 20 hadi 22 au 23 kuwa umeme. Ukipata 210 kwa mita ya mraba, sawa. Ukipata 250, anza kuuliza maswali. Ukipata 350, huo ni uongo wa wazi, kwa sababu silikoni ya kawaida ina kikomo cha kinadharia cha karibu asilimia 29 na hakuna kiwanda kinachokivuka. Nimeshaona matangazo ya paneli yenye ukubwa wa begi la shule ikidaiwa kuwa na wati 400. Futi inamaliza ubishi huo kwa dakika mbili.

Mama Safari

Kaka Mvutaji, hesabu ya futi ni nzuri lakini muuzaji atakwambia seli zake ni za kisasa zaidi. Ongeza kipimo cha ampea. Nimekaa kwenye karavani miaka sita na kipimo ninachokiamini ni Isc, yaani ampea ambazo paneli inatoa ukiipiga shoti bila betri wala kontrola. Ampea hizo zinafuata mwanga karibu sawa kwa sawa. Mwanga ukipungua kwa robo, nazo zinapungua kwa robo, na joto haliziathiri sana.

Fanya hivi. Funika paneli kwa blanketi zito. Chomoa plagi inayotoka kwenye paneli kabla ya kontrola. Unganisha nyaya mbili za paneli pamoja, funua blanketi, pitisha waya mmoja kwenye klampu mita inayosoma DC, yaani umeme wa betri na sola. Hakikisha ni ya DC, maana nyingi za bei nafuu zinasoma umeme wa nyumbani tu na zitakuonyesha sifuri. Usitumie tundu la ampea 10 la multimita ya kawaida, paneli yako imeandikwa 10.6 na unaweza kuunguza fyuzi. Ukimaliza funika tena ndipo uachanishe nyaya, vinginevyo zinatoa cheche inayokula ncha za plagi. Na tafadhali, shoti hii ni ya paneli peke yake. Betri ikiwa bado imeungwa usithubutu.

Wakati wa kupima usiilaze chini. Simamisha penseli wima juu ya uso wa paneli, kisha iinamishe paneli mpaka kivuli cha penseli kipotee chini yake. Hapo inalitazama jua sawasawa. Jua likiwa nyuzi 30 pembeni unapoteza asilimia 13, likiwa nyuzi 60 unapoteza nusu. Vipande vyote vinne viwe kwenye ubao mmoja ulionyooka. Kikijikunja kimoja tu kinavuta vingine chini, kwa kuwa mara nyingi vimeungwa kwa mfuatano. Angalia pia kivuli: hata cha kamba ya hema kikikatiza seli chache kinatosha kuharibu kipimo.

Ngamia wa Lami

Mnamsumbua bure. Paneli zote ndivyo zilivyo, ukipata nusu ya kilichoandikwa shukuru Mungu uendelee na safari.

Fundi Mwanga

Hapana mkuu, hapo sikubaliani nawe. Watu wakizoea kusema nusu inatosha, mwenye paneli ya kweli na mwenye paneli ya uongo wanauza kwa bei ile ile. Joto, pembe na kontrola ni hasara zinazohesabika. Kinachobaki baada ya kuzitoa zote ndicho cha muuzaji.

Mvutaji, nakuongezea jambo moja kwenye kipimo cha Mama Safari. Bila kifaa cha kupima mwanga hujui kama siku hiyo jua lilikuwa 1000 au 850. Tafuta mtu mwenye paneli anayoiamini, ziwekeni ubavu kwa ubavu, pembe moja, dakika ile ile, mpime Isc za zote mbili. Paneli yake ndiyo itakayokuwa mizani yako. Na usipime wakati mawingu yanapita, kwa sababu ukingo wa wingu unaweza kurudisha mwanga na kukupa namba kubwa kuliko kawaida kwa sekunde chache.

Mvutaji

Nimerudi wakuu, na nawashukuru sana. Leo nimepima mchana kutwa na jirani niliyeegesha naye, mwenye paneli ya kioo ya wati 100 anayoitumia miaka mingi.

Futi: kila kipande kina seli za sentimita 48 kwa 42. Vinne ni mita za mraba 0.806. Wati 200 kugawa kwa hiyo ni 248.

Shoti: paneli ya jirani imeandikwa Isc 5.8, ikatoa 5.45, yaani asilimia 94. Yangu imeandikwa 10.6, ikatoa 8.3, yaani asilimia 78. Tumerudia mara tatu, tumebadilishana nafasi za paneli na klampu mita ni ile ile. Namba hazikucheza. Kivuli cha penseli kilipopotea sote tulinyamaza tukitazama kioo cha mita, nikiomba ipande. Ikabaki 8.3.

Volti bila mzigo: 21.6, wakati kibandiko kinasema 24. Hii inamaanisha nini?

Nikapima pia volti kwenye nguzo za betri yenyewe wakati paneli imelala chini kama siku ile. Kontrola inasoma 13.9, betri inasoma 12.96. Karibu volti nzima inapotea njiani!

Fundi Mwanga

Kazi safi. Volti usizihofie. Voc inashuka karibu asilimia 0.3 kwa kila nyuzi, kwa hiyo 21.6 ni paneli yenye afya iliyopata joto la nyuzi 60 hivi. Hakuna kipande kilichokufa.

Ampea ndizo zinazosema. Paneli ya jirani inaonyesha siku ilikuwa ya asilimia 94, wewe ukapata 78. Gawa 78 kwa 94 unapata 83. Asilimia 83 ya wati 200 ni 166. Sasa rudi kwenye futi: 166 kugawa kwa 0.806 ni 206 kwa mita ya mraba, ambayo ndiyo paneli ya kawaida ya kukunja. Vipimo viwili visivyotegemeana vimekutana sehemu moja. Ulichonunua ni paneli nzima isiyo na hitilafu, ya wati 165 hivi, iliyobandikwa 200.

Mama Safari

Na huo waya kaka ni mwembamba. Ukipoteza volti 0.94 kwa ampea 6.8, kwa mita 10 kwenda na 10 kurudi, hiyo ni shaba ya milimita za mraba 2.5. Weka ya 6 na hasara itashuka chini ya nusu. Ubaya mwingine ni kwamba kontrola iko upande wa paneli, inaona volti 13.9 ikidhani ndiyo betri. Ukiinamisha paneli vizuri itaona 14 na zaidi, ianze kubana chaji kabla betri haijashiba. Kontrola inatakiwa ikae karibu na betri.

Mvutaji

Jirani aliniazima kontrola yake ya MPPT, ile inayobadilisha volti za ziada kuwa ampea, tukaifunga hatua moja kutoka kwenye betri. Paneli ile ile, imeinamishwa kwa penseli: wati 124 kwa waya wa zamani, 129 kwa waya wa milimita 6. Kutoka 94 za kontrola, ambazo betri ilipokea 88 tu. Sikutegemea kwamba hasara kubwa ilikuwa kwenye vitu ambavyo sikuwahi kuvitazama.

Hesabu Kwanza

Nimekubali, nilisema umepigwa nikidhani ni paneli peke yake. Lakini usisamehe zile wati 34. Mwandikie muuzaji, weka picha ya futi, ya kibandiko, na ya vipimo vya paneli zote mbili kwenye fremu moja. Usimwandikie habari ya wati 94 kabisa, maana ataikamata hiyo akujibu habari za joto na pembe.

Mvutaji

Nimefanya hivyo hivyo. Jibu la kwanza lilikuwa "matokeo hutegemea hali ya hewa". Nikarudisha picha ya paneli mbili ubavu kwa ubavu chini ya jua moja, na asilimia zao. Siku ya pili wakakubali niirudishe.

Nimeshaituma. Ninayoiangalia sasa imeandikwa wati 160 na seli zake zina eneo la mita za mraba 0.78, ambayo ni 205 kwa mita. Inauzwa bila kontrola. MPPT nimenunua yangu mwenyewe, nimeifunga kando ya betri, na waya wa milimita 6 tayari uko kwenye karavani. Ikifika naipima siku hiyo hiyo na kuleta namba hapa.