Gari inachemsha safarini tu, mjini shwari

Wakuu, naomba ushauri. Corolla yangu ya 1998, injini ya cc 1500, kwa mizunguko ya Tabora mjini mshale wa joto hauvuki katikati. Nikishika njia ya Urambo, spidi 80, dakika ishirini tu unapanda. Nikipunguza mwendo unashuka wenyewe.

Feni inazunguka, wota pampu mpya, maji hayapungui, oili haina weupe wa kuchanganyika na maji. Fundi alitoa thermostati (kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto la injini), sikuafiki, nikairudisha.

Jana mwenzangu alikanyaga mafuta nikiwa nimefungua boneti: mpira wa chini wa rejeta ukajibana bapa, kama unanyonywa. Alipoachia, ukajaa tena. Mpira umechoka, au rejeta imeziba ndani? Nampeleka mama kliniki kila wiki, naogopa kuunguza gasketi njiani.