Mliowahi kula bata Uskoti, tupeane uzoefu

Baba_Mapacha
Wakuu salaam. Mwaka jana mwezi wa sita mimi na mama watoto tulitimiza miaka 20 ya ndoa tukasema safari hii Dubai hapana, tunaenda Uskoti, tena kibosi, hela tulishaanza kuitenga miaka mitatu nyuma. Sasa aliyepanga ni mimi na nikapanga kishamba kweli. Usiku nane, hoteli sita. Edinburgh, Glencoe, Fort William, kisiwa cha Skye, Inverness, halafu hoteli ya Gleneagles ya kufungia. Ukiangalia ramani unasema kanchi kenyewe kadogo, Edinburgh mpaka Skye ni kama Dar Moro kwenda na kurudi tu, kumbe zile barabara za milimani hazikimbiliki, ni kona na ziwa, kona na ziwa, siku nzima imeisha.

Yaani kila asubuhi nafunga mabegi. Kuna sehemu tulilala kasri kabisa, moto wa kuni sebuleni, bafuni lile beseni la zamani lenye miguu ya chuma, tumefika saa tatu usiku tumeondoka saa mbili asubuhi, hata maji hatukuyafungulia. Wife kimya ndani ya gari. Tulipoingia bonde la Glencoe, milima imetubana huku na huku na ukungu umekaa juu, akasema "Baba Kulwa, simama basi hata tutazame." Nikasimama. Nikamhadithia kwamba hapo 1692 askari wa serikali walikaribishwa kwenye nyumba za ukoo wa MacDonald, wakala wakalala karibu wiki mbili, halafu alfajiri moja wakaamka wakawaua wenyeji wao. Akaniuliza, "walishakula chumvi yao kabisa halafu wakawaua?" Tukakaa pale saa nzima hatuongei. Kwenye safari yote ile saa ndo anayoisimulia, na ilikuwa ya bure. Nyie mlipangaje?

Bint_Tanga
Pole kaka, hoteli sita hata mimi ningenuna 😂 Sisi tulikuwa wanne, mimi, dada zangu wawili na mama, na tulifanya kambi mbili tu, siku tatu Edinburgh na siku tano nyumba ya mawe karibu na Fort William, tukakodi dereva ambaye ndo huyohuyo mwongozaji. Kutoka London tulipanda treni ya usiku pale stesheni ya Euston, chumba kina kitanda na bafu lake, unalala mjini unaamka uko nyikani Rannoch hakuna nyumba hakuna nguzo, mama anachungulia dirishani anawaita wale swala wao wakubwa wenye mapembe kama matawi ya mkorosho. Hiyo treni muiwahi mapema vyumba vinaisha, na Jumamosi usiku haitembei.

Kwa wanaoswali, mjue mwezi wa sita jua linazama kwenye saa nne usiku. Mama kila saa anafungua pazia, "nchi gani hii haina magharibi?" Isha tulikuwa tunaingoja tumekaa kama tunasubiri mgeni wa treni.

Pale Edinburgh muitazame saa ya mnara wa hoteli ya The Balmoral, imetangulizwa dakika tatu makusudi ili watu wasiachwe na treni, usiku wa mwaka mpya tu ndo wanairudisha sawa. Mama akasema kwetu ingetangulizwa nusu saa na bado tungechelewa.

Karis_KE
Niaje wasee. Sisi tulijiendesha, wanakeep left kama kwetu so hapo hakuna stress, shida ilianzia kaunta ya magari, nilishabook automatic nafika naambiwa imebaki manual, nikalipa ya juu kupata nyingine. Kisha Skye barabara ni ya gari moja tu. Kuna vijisehemu vya kupishana vyenye kibao, ukiona mwenzako anakuja unaingia ya upande wako ama unarudi reverse, na ukipishwa unainua mkono. Nilirudi reverse mbele ya lori la kondoo, wife amefumba macho, sitasahau.

Na msiogope haggis. Ni moyo, maini na mapafu ya kondoo na nafaka kidogo, zamani ikichemshwa kwa tumbo la kondoo. Hiyo ni binamu ya mutura, ule utumbo wetu wa kujazwa nyama, tofauti ni sahani ya china na waiter wa tai.

Mzee_wa_Kaole
Wanangu mmepita Edinburgh na hamna aliyemtaja Mwalimu? Nyerere kasoma chuo kikuu pale 1949 mpaka 1952. Mimi nilipelekwa na kijana wangu anayefanya kazi Glasgow, yeye kapanga makasri, mimi nikamwambia kwanza nipeleke Blantyre, siyo ile ya Malawi, ya hukohuko Uskoti alikozaliwa yule mmisionari Livingstone. Maana mimi ni wa Bagamoyo, mwili wa yule bwana ulipita kwetu 1874, kina Chuma na Susi wameubeba kutoka Zambia ya leo. Basi nikaingia kale kachumba, familia nzima chumba kimoja, na mtoto ana miaka 10 yuko kiwanda cha pamba. Nilikaa humo kuliko kasri lolote. Usiku wakanilaza hoteli ya nyota tano, niliona haya kidogo ila usingizi ulikuja.

Bint_Tanga
Shikamoo mzee wetu, hiyo Blantyre tuliikosa 🙏🏾 Nimesahau usubi! Kiangazi pembezoni mwa maziwa wanakuja wingu zima upepo ukitulia, dada yangu aliacha chai ya jioni bustanini akakimbilia ndani na kikombe mkononi. Bebeni dawa ya kupaka au nendeni mwezi wa tano mwanzoni. Halafu noti za Uskoti zimalizeni hukohuko, mimi nilikataliwa nazo duka la London. Na kurudishiwa kodi ya manunuzi airport kulifutwa 2021, msipange foleni bure.

Baba_Mapacha
Marahaba zako mzee nazipokea kwa niaba 😂 nami shikamoo. Nimemsomea mama watoto zote. Anasema tunarudi mwezi wa tano, kambi mbili, Blantyre iwemo, na kwenye lile beseni anaingia yeye kwanza.