Akili ya mtoto: ya ukoo au ya malezi?

MwalimuIsyesye
Wakuu, habari za asubuhi. Wiki iliyopita tulikuwa na kikao cha wazazi. Baba mmoja akasimama, mwanawe wa darasa la tano kakaa pembeni yake, akasema: "Mwalimu, huyu msimchoshe na hesabu. Ukoo wetu mzima hakuna anayeziweza." Mtoto akainamisha kichwa. Tangu siku hiyo hanyooshi mkono darasani, na alikuwa ananyoosha. Naomba tujadili: akili mtu anazaliwa nayo, au inajengwa? Mimi nasema inajengwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mkulima_Vwawa
Na mtoto wa nyoka ni nyoka. Hiyo nayo waliisema wazee hao hao. Kuna wale mapacha wa Marekani waliotenganishwa wachanga, kila mmoja akalelewa na watu wake. Wamekuja kukutana wakubwa, wanafanana mpaka sigara wanazovuta. Profesa mmoja wa Minnesota alianza kuwakusanya mapacha wa namna hiyo 1979, akakuta hata akili zao zinakaribiana sana. Malezi yalifanya nini hapo?

Mwanachuo_Iringa
Huyo ni Bouchard. Ila yeye mwenyewe aliandika kwamba wachache sana kati ya mapacha wale walilelewa kwenye umaskini wa kweli au na wazazi wasiojua kusoma. Nyumba zao nyingi zilikuwa na chakula na shule. Ukisawazisha malezi, tofauti itakayobaki lazima ionekane ya kuzaliwa. Chukua mfuko mmoja wa mahindi chotara ya Uyole, nusu panda Mbozi, nusu kapande Isimani mvua zikigoma. Mbegu ni ile ile, mavuno je?

Mkulima_Vwawa
Kijana, usinifundishe mbegu. Chotara hutoka sawasawa shamba zima, ndiyo maana tunainunua kila msimu. Ungetaka mfano wako usimame ungesema mbegu ya kienyeji, ile inayotofautiana mmea kwa mmea. Na nani amekwambia mkulima wa Vwawa atapeleka mbegu ya nyanda za juu Isimani? Kule watu wanapanda mtama.

Mwanachuo_Iringa
Sawa mzee wangu, weka ya kienyeji. Hoja haijabadilika.

Muuguzi_Njombe
Mnabishania mbegu na watoto wanaumia. Takwimu za 2022: watoto chini ya miaka mitano waliodumaa, Iringa asilimia 57, Njombe na Rukwa kama 50 kila mmoja. Taifa zima ni 30. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi! Ubongo unajengwa zaidi siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili. Nawapima kila wiki kliniki. Mtoto ana mwaka na nusu, ukimwangalia urefu utasema wa miezi kumi. Huo nao ni ukoo?

Kijana_Soweto_Mbeya
Iringa sababu inajulikana. Watoto wananyweshwa ulanzi, pombe ya mianzi, tangu wanatambaa. Ndiyo maana mabinti zao wanaishia kazi za ndani Dar.

MamaMafinga
Wewe kijana, kamwene kwanza, maana kwetu tunasalimiana kabla ya kutukanana. Mimi nimefanya kazi za ndani Dar miaka sita. Nilimaliza darasa la saba nikiwa wa pili darasani. Baba aliuza mahindi, ada ikatosha ya mtu mmoja, akaenda kaka yangu. Hapo akili yangu imeingiaje? Leo binti yangu yuko kidato cha tano, mchepuo wa sayansi, tumbo ni hili hili la mdada wa kazi. Na ulanzi unagemwa masika. Watoto wanadumaa mwaka mzima.

Kijana_Soweto_Mbeya
Mama shikamoo, sikukutukana. Lakini nimeona kwa macho yangu Ipogolo, mtoto wa miaka mitatu na kikombe mkononi.

MamaMafinga
Marahaba. Umeona mtoto mmoja, umeandika mkoa.

Muuguzi_Njombe
Wapo wanaopewa, sitaficha, na haifai hata ule mtamu uliogemwa asubuhi. Lakini ninachokutana nacho zaidi ni uji wa mahindi matupu. Mama yuko shambani kutwa, mtoto kaachiwa dada yake wa miaka saba. Mayai yanapelekwa mnadani, maharage yanauzwa kwa gunia.

Mkulima_Vwawa
Yanauzwa na nani? Sema tu wanaume. Mbolea, ada, matibabu, vyote vinatoka kwenye gunia hilo hilo. Nisipouza, mtasema baba gani huyu.

MamaMafinga
Uza kaka, ila mwachie mama debe la maharage kabla gari halijafika. Mimi nililalia ugali na majani ya maboga wakati ghala linafagiliwa.

Babu_Makete
Wanangu, mnakumbuka rovu? Sisi tulikua tukiona shingo zimevimba, wazee wakisema ni ya ukoo, kwa kuwa bibi alikuwa nayo, mama nayo, binti nayo. Kumbe udongo wetu hauna madini joto. Ilikuja chumvi yenye madini joto, na sasa rovu siioni kwa wajukuu. Ukoo ni ule ule.

Mwanachuo_Iringa
Shikamoo babu, hapo umegusa penyewe. Wilaya zenye rovu nyingi ziligawiwa vidonge vya madini joto miaka ya 1980 na 1990. Watafiti walikuja kuangalia baadaye: watoto ambao mama zao walivipata wakati wa mimba walisonga mbele shuleni kuliko wenzao, kama theluthi mpaka nusu ya mwaka. Wasichana ndio waliofaidika zaidi.

Mkulima_Vwawa
Babu naheshimu. Lakini kwenye nyumba moja, chumvi moja, chungu kimoja, kuna mtoto anashika hesabu mara moja na mwingine hashiki. Wanangu wawili ndivyo walivyo, na nawapenda sawa.

MwalimuIsyesye
Mzee wa Vwawa, hilo sikatai. Na yule wa pili umewahi kumwambia haziwezi?

Mkulima_Vwawa
Nimewahi.

MwalimuIsyesye
Yule mwanafunzi wangu nimemuuliza leo anakula nini asubuhi. Hali kitu. Anatembea saa nzima, chakula cha kwanza saa tisa alasiri akirudi. Kesho naenda kwao kuzungumza na baba yake.

Kijana_Soweto_Mbeya
Mbona la ulanzi limeachwa?

MamaMafinga
Njoo Mafinga mwanangu, saa kumi na mbili asubuhi. Nitakukaribisha uji wa ulezi na karanga, uone tunachowapa watoto kabla hatujashika jembe.