Siku mbili Paris bila gari, niende shato gani?

Kadutu_Moja
Wandugu jambo. Kazi inanituma Paris kwa formasyo, inaisha ijumaa, ndege ya kurudi ni jumanne asubui. Jumamosi niko na ndoa ya binamu, kwa hiyo inabaki jumapili na jumatatu. Nataka kuona shato (jumba ya wafalme) moja ya zamani, nilikuwa nawaza Versailles jumatatu ju watu watakuwa wachache, lakini hapa Bukavu mwengine ananiambia Chambord mwengine Fontainebleau, kichwa inazunguka. Sina gari na kila magaribi narudi kulala Paris. Munisaidie.

Papa Mapacha
Kaka jumatatu Versailles wanafunga! Bustani tu njo inabaki wazi. Fontainebleau wao wanafunga jumanne, basi jumatatu inakufaa, unapanda treni Gare de Lyon, kama dakika 40 uko Fontainebleau-Avon, kisha unachukua bisi. Pale njo Napoleon aliagana na walinzi wake mwaka 1814, pale inje chini ya ngazi, mbele ya kupelekwa kisiwa ya Elba.

Mwana Ibanda
Miye naishi Tours, na nitasema wazi: Chambord ni ya ajabu, mfalme François wa 1 alianza kuijenga 1519, kuko ngazi mbili zinazungukana, wewe unapanda mwenzako anashuka na hamugongane hata kidogo, lakini treni haifike pale na bila gari utapoteza siku kwa kungojea bisi. Jumapili enda Chenonceau. TGV (treni ya mbio) toka gare Montparnasse mpaka Saint-Pierre-des-Corps ni saa moja na kitu, unabadilisha, unapanda TER (treni ndogo ya jimbo), na gare iko karibu kabisa na mlango wa shato. Fikiria daraja ya Ruzizi lakini juu yake wamejenga nyumba ya gorofa, njo ile. Wakati wa vita ya 1914 waligeuza ile sale (chumba kikubwa) ndefu ya juu ya maji kuwa hospitali, na vita ya pili mto ulikuwa mpaka kati ya upande wa Wajerumani na upande huru, watu walipita mule ndani kukimbia Wajerumani. Usipite mbio jikoni, iko chini ndani ya nguzo za daraja, sufuria za shaba zimepangwa ukuta mzima, na vyakula vilikuwa vinafika na mashua mpaka pale pale. Tikiti ya TGV kata mapema, bei inapanda vibaya.

Kadutu_Moja
Aksanti sana dada, papa pia. Basi jumapili Chenonceau, jumatatu Fontainebleau, Versailles itaningojea. Ile mashua ya jikoni njo imenimaliza. Pale karibu na gare kuko fasi ya kula ama nibebe mukate?

Mwana Ibanda
Beba mukate. Kuko restora lakini franga yako utailia.