Bendi ya wanawake watupu, fundi mitambo mwanamume: albamu ni ya nani?

Kinanda_Kikwajuni: Bendi ya wanawake watupu, magitaa mawili, besi na dramu, roki mbadala si taarab, inataka kurekodi albamu Mji Mkongwe. Fundi mitambo wa kurekodi ni mwanamume. Mie nasema hapo "watupu" imekwisha, maana fundi ndiye anayeamua gitaa lisikike vipi. Tausi, kundi la taarab la hapa Zanzibar, tangu 2009 wanawake wanapiga ala wenyewe, hawakungoja mtu. Chumba kipo, kishabandikwa trei za mayai kuzuia sauti.

Shangani_Juu: L7, bendi ya roki ya Marekani, wanawake wanne, albamu yao Bricks Are Heavy, 1993 kama sikosei. Prodyuza Butch Vig, aliyeitengeneza Nevermind ya Nirvana. Nani kathubutu kusema si albamu yao?

BintiWete: 1992, yakhe. Na aliitengeneza pamoja na wao wenyewe, majina yamo yote. Siti binti Saad naye kaenda Bombay 1928 na wapigaji wanaume, mbona santuri zinaitwa za Siti? Lakini ngoja kwanza. Trei za mayai?

Kinanda_Kikwajuni: Ukuta mzima na dari. Kuna ubaya gani?

Fundi_Malindi: Trei ni karatasi. Sauti haizuiwi na karatasi, inazuiwa na uzito, na uzito mnao: ukuta wa mawe na chokaa. Panapovuja ni mlango na dirisha. Trei inakula kidogo sauti za juu, za matoazi, basi. Besi haiigusi, inabaki inavuma kwenye pembe. Ukisikiliza, kama mtu anaimba ndani ya mtungi. Tena karatasi ukuta mzima karibu na nyaya za umeme, hilo lenyewe ni balaa. Bandueni. Simamisheni magodoro ya sufi kwenye pembe nne, yaachane na ukuta kiasi cha kiganja, na kapeti chini ya dramu.

Kinanda_Kikwajuni: "Mtungi." Ahsante sana, maalim. Watu wamebandika kwa mikono yao, wewe unakuja na mtungi.

Mzee_wa_Besi: Albamu itataga hiyo 😂

BintiWete: Fundi, heshima zako, lakini la maana hujalisema. Sufi wakati wa masika inafyonza unyevu na kuvunda. Magodoro yaanikwe juani kila baada ya siku mbili tatu, la sivyo waimbaji watapiga chafya ndani ya maiki. Nyuzi za gitaa zifutwe kwa kitambaa kikavu kila mkipumzika, hewa ya chumvi inazitia kutu upesi. Na mjue kwa nini gitaa linatoka tuni asubuhi: shingo ni mbao na nyuzi ni chuma, unyevu na joto vinavibadilisha. Liacheni chumbani robo saa ndipo mtune.

Fundi_Malindi: Hapo sina neno. Ila kwenye dramu ndipo wengi wanapoharibu. Maiki nne zinatosha: moja ngoma ya mguu, moja sneya (ngoma ndogo yenye waya chini yake), mbili juu. Hizo mbili za juu kila moja iwe umbali sawasawa kutoka katikati ya sneya, kama mita moja. Usikisie kwa jicho, funga uzi. Ukikosea, sauti inafika maiki moja mapema kuliko nyingine na sneya inakuwa nyembamba kama kopo. Uzi uko sawa na bado nyembamba? Geuza kitufe cha fezi, kile kinachopindua wimbi la sauti, kwenye maiki ya sneya, sikiliza, chagua penye unene. Waya za sneya zikilia kila besi ikipigwa, hamishieni spika ya besi chumba cha pili.

Shangani_Juu: Na adhana? Misikiti ya hapo mjini vipaza vyake maiki haiviachi.

Fundi_Malindi: Dramu baada ya Isha. Mpaka Alfajiri ndiyo nafasi ndefu kuliko zote. Baina ya Magharibi na Isha mnapata saa moja na kitu, hamjamaliza kupanga maiki.

Kinanda_Kikwajuni: Aa! Sasa tumefika. Wanawake wanne, usiku wa manane, chumba kimefungwa, na fundi mwanamume. Nilisema mimi.

BintiWete: Hukusema hivyo. Ulisema albamu si yao kwa sababu yeye anaamua sauti ya gitaa. Sasa imekuwa usiku?

Kinanda_Kikwajuni: Ni yale yale.

BintiWete: Si yale yale hata kidogo! La kwanza la muziki, hili la pili la majirani. La muziki dawa yake nyepesi: kila gitaa lirekodiwe mara mbili, moja kwa maiki, moja waya moja kwa moja bila ampu. Waya ule hauna rangi ya fundi. Wakitaka kumiksi wenyewe mwakani, watakuwa nao. Na la majirani, magitaa na sauti zirekodiwe asubuhi, usiku uwe wa dramu tu. Mpiga dramu aje na mamake.

Mzee_wa_Besi: Mama mtu atalala wapi na magodoro yamesimama?

Kinanda_Kikwajuni: Mnacheka. Sibandui trei.

Shangani_Juu: Zikibanduliwa zisitupwe, kuna wafuga kuku Kwarara watazichukua leo leo.

Kinanda_Kikwajuni: Nimesema sibandui.